Moyo na Vizuizi Vyake katika Mafundisho ya Wabuddha

Neno "citta" la Kipali, lugha ya maandiko ya Wabuddha wa Sri Lanka, Myanma na Thailand, lafaa kutazamwa na kila mwalimu asemaye Kiswahili. Wazungu wengi wameona taabu kulifasiri, kwa kuwa wao wamezoea kutenga akili iwazayo na moyo upendao. Lakini Mswahili husema, "Nimewaza moyoni," wala haoni ajabu. "Citta" vilevile huwaza, hutaka na kuchukia.

Mafundisho hayo hutaja vizuizi vitano vya moyo: tamaa ya anasa, chuki, uzito na usingizi, mahangaiko pamoja na majuto, na shaka. Kila kimoja hufananishwa na bakuli la maji ambamo mtu ataka kutazama uso wake. Tamaa ni maji yaliyotiwa rangi. Chuki ni maji yachemkayo. Uzito ni maji yaliyofunikwa na majani. Mahangaiko ni maji yapigwayo na upepo. Shaka ni maji ya tope yaliyowekwa gizani. Uso haukupotea, ila maji hayawezi kuuonyesha.

Basi mwanafunzi haambiwi kwanza apigane na chuki, bali aitambue: ipo au haipo, yazukaje, yaondokaje, na kwa njia gani haitarudi. Kuangalia huku huitwa "sati", neno ambalo asili yake ni kukumbuka. Maana yake, moyo usisahau lililo mbele yake.

Kisha hufuata dawa. Buddhaghosa, mtawa aliyeandika kitabu cha Visuddhimagga huko Sri Lanka katika karne ya 5, amwagiza mwenye chuki asianze kwa adui. Na ajitakie mema mwenyewe, kisha amtakie mwalimu amheshimuye, kisha rafiki, kisha mtu asiyempenda wala kumchukia, na mwisho adui. Kwani ajuaye kwamba yeye mwenyewe ataka raha na kuogopa maumivu, hufahamu kwamba mwenzake naye ni vivyo hivyo.

Tofauti na imani yetu tusiifunike. Wabuddha hufundisha kwamba nyuma ya mawazo hayo hakuna nafsi idumuyo, wala hawaitegemei neema ya Muumba. Hata hivyo uchunguzi wenyewe si mgeni kwa Wakristo: Evagrius, mtawa wa jangwa la Misri aliyekufa mwaka 399, alitaja mawazo manane yamsumbuayo mtu, na miongoni mwayo zimo hasira na uchovu wa roho.

Kwa hiyo mtu atujiapo na kusema, "Moyo wangu umechafuka," tusimpe kila mmoja onyo lile lile. Tuulize kwanza ni maji gani. Yachemkayo huondolewa moto. Ya tope huachwa yatulie. Nayo yaliyokwisha kupigwa na upepo hayatulizwi kwa kukorogwa na makaripio yetu.