Jerikani Haichukui Nafasi ya Jaketi

Kila likizo inapokaribia, vijana wa Mbarara na wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale hupanga safari ya wiki moja kwenye visiwa vya Ssese, katika Ziwa Victoria, na kila kikundi huniletea swali lilelile: "Mwalimu, kukodi majaketi okozi ni ghali. Kila mtu akibeba jerikani yake tupu, si itatosha?" Haitatosha. Nimelijibu swali hili makanisani, kwenye hosteli za wanafunzi, kwenye vikao vya Base Camp na Rubondo kule Nakivale, nalo bado linarudi, mara nyingine kutoka kwa mtu aliyekaa mstari wa mbele nilipolijibu mara ya mwisho. Sasa naliandika.

Safari yenyewe naiunga mkono kwa moyo wote. Ssese ni visiwa 84, na anayekodi boti na nahodha wake kwa wiki nzima, akalala Bugala leo na Bukasa kesho, anapata starehe ileile ambayo matajiri wa Ulaya huilipia fedha nyingi sana kwenye yoti za kifahari baina ya visiwa vya Ugiriki na Kroatia. Lakini huko, mtu akitaka kukodi boti aiendeshe mwenyewe, anadaiwa cheti cha unahodha kwanza, na kwenye kampuni yenye heshima abiria huonyeshwa majaketi kabla kamba haijafunguliwa. Kwetu bajeti ikibana, jaketi ndilo la kwanza kukatwa, spika za muziki hazikatwi kamwe. Hilo linaniudhi, nami sitalificha.

Turudi kwenye jerikani. Naanza na ukweli ambao wanaoitetea wataufurahia. Jerikani ya lita 20, ikiwa tupu na imezibwa vizuri, inaweza kubeba karibu kilo 20 juu ya maji. Jaketi okozi la kufaa ziwa kubwa, lile lililoandikwa nyutoni 150, hubeba kama kilo 15. Kwa kuelea tu, jerikani inashinda. Ndiyo maana imani hii haifi: mtu ameikumbatia mwenyewe akavuka mto, ameiona haizami, na mimi sibishani naye hapo. Ila mwili wa binadamu nao, mapafu yakiwa na hewa, unakaribia kuelea wenyewe. Anayekufa maji hafi kwa kukosa kilo 20 za kumbeba. Anakufa kwa sababu pua na mdomo vimekaa chini ya maji dakika chache. Kazi ya jaketi ni kuviweka pua na mdomo juu, hata pale mwenyewe amechoka, amegongwa kichwa au amezimia. Jerikani haiijui kazi hiyo.

Huwa naonyesha jambo hili kwenye bwawa la kuogelea hapa mjini. Namchagua kijana mwenye nguvu, aghalabu mbeba magunia sokoni, nampa jerikani ya manjano ya mafuta ya kupikia, naye anaingia upande wa kina kirefu. Mwanzoni anatabasamu. Anaikumbatia kifuani, inajiviringisha na kumtoka ubavuni. Anaipitisha kwapani, inamlaza upande mmoja na sikio linaingia majini. Plastiki iliyolowa haina pa kushikia ila mpini, kwa hiyo mwisho anaukamata mpini, kwa vidole vinne vya mkono mmoja. Hapo nawaambia wenzake wammwagie maji usoni, kidogo tu, kama mvua. Macho yanafumba, pumzi inakatika, anataka kubadilisha mkono, na kila anapobadilisha kichwa kinazama. Vifundo vya vidole vinabadilika rangi. Kisha namvika jaketi, nafunga mikanda, namwambia aachie kila kitu na afumbe macho. Analala chali, kisogo kimeegemea kola, anapumua. Tunaweza kumwacha hapo tukaenda kula chakula cha mchana.

Na hilo ni bwawa lililotulia, mchana, lenye ukingo wa kushika. Ziwani kuna wimbi, kuna giza, na kuna abiria wenzako ambao hawakubeba chochote. Mtu anayezama hukamata alichokiona. Jerikani moja ikishikwa na watatu haimbebi yeyote, inawapindukia wote. Tena jerikani zetu zina vizibo gani? Kizibo halisi kilipotea siku nyingi. Imezibwa kwa ndizi mbichi au kipande cha kaveera, yaani mfuko wa plastiki, kilichosokotwa, na kuziba kwa namna hiyo kunafaa maji ya kupikia yaliyosimama jikoni, hakuhimili kugeuzwa chini juu na wimbi. Ikianza kuingia maji hujui mpaka imeshakuwa nzito.

Lililo baya kuliko yote ni jerikani ya lita tano inayofungwa mgongoni mwa mtoto kwa kitenge. Nimewaona akina mama wakifanya hivyo kwa upendo na kwa kuamini kabisa. Mama, tafadhali usifanye. Kinachoelea kikiwa mgongoni humgeuza mtoto kifudifudi na kumshikilia hivyo, uso ndani ya maji, na mtoto mdogo hana nguvu ya kujigeuza. Jaketi la mtoto limepangwa kinyume chake: sehemu kubwa ya kinachoelea iko kifuani, nyuma ya shingo kuna mto wa kuinua kichwa, na kati ya mapaja hupita mkanda ili lisimpande usoni. Hupimwa kwa kilo za mtoto. La mtu mzima humtoka kichwani.

Wapo wanaoiacha jerikani wakakimbilia hoja ya pili: "Mimi ni muogeleaji." Wengi wao wamejifunza kwenye maji mafupi. Ziwa Nakivale kina chake hakifiki hata mita tano, na hofu ya watu wake ni kiboko na mamba kuliko wimbi. Victoria ni ziwa la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na mahali pengine kina kinakaribia mita 80. Tofauti si ukubwa tu. Anayejua kuogelea anajua kuogelea akiwa amejiandaa, amevua viatu na anaona anakokwenda. Boti inapopinduka unaingia majini na suruali ya jinzi, labda umegongwa na ubao, labda uko chini ya turubai la kivuli, na mtu amekushika shingo.

Wala ufuko kuwa karibu hakusaidii kama mnavyodhani. Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe MV Templar ilizama upande wa Mukono, ufuko ukiwa unaonekana, ikiwa imejaza watu kupita kiasi na haina leseni. Walikufa zaidi ya watu 30, na wengi hawakuwa wamevaa majaketi. Siku ya Krismasi ya 2016, huko Buliisa kwenye Ziwa Albert, boti ya wachezaji na mashabiki wa timu ya kijiji ilipinduka kwenye shamrashamra, abiria walipoelemea upande mmoja. Wakapotea watu wapatao 30. Na ndugu zangu Wakongo wa Nakivale hawahitaji kuambiwa habari za Kituku: tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama katika Ziwa Kivu mbele ya Goma, bandari ya Kituku ikiwa machoni, watu wamesimama ukingoni wakiangalia. Katika misiba yote mitatu walikuwamo vijana wenye nguvu zao.

Halafu wenye fedha hunijia na lao: watakodi boti kubwa ya kifahari, kwa hiyo mambo haya hayawahusu. Alfajiri ya tarehe 19 Agosti 2024, yoti iitwayo Bayesian, yenye urefu wa mita 56 na mabaharia wa kuajiriwa, ilikuwa imetia nanga karibu na kijiji cha Porticello huko Sicily. Dhoruba ikaipiga, ikazama kwa dakika chache. Kati ya watu 22 waliokuwamo, saba walikufa, akiwamo tajiri wa Kiingereza Mike Lynch. Dhoruba haiulizi bei ya kukodi.

Na dhoruba za Victoria zina saa zake. Usiku nchi kavu hupoa upesi, maji hubaki na joto lake, basi upepo hutoka nchi kavu pande zote na kukutana katikati ya ziwa. Hewa yenye unyevu inasukumwa juu, na kati ya usiku wa manane na asubuhi ngurumo na mvua hujengeka juu ya maji, mara nyingi zikisukumwa magharibi, ndiko iliko Ssese. Mtu wa Mbarara amezoea mvua ya alasiri, anadhani usiku ndio salama na baridi nzuri ya kusafiri. Wapangaji wengi huniletea ratiba yenye safari ya saa tisa usiku "ili tuamkie kisiwani". Naifuta hiyo kabla sijasoma nyingine.

Sasa mipango yenyewe, kwa haraka. Kutoka Mbarara nendeni kwa basi hadi Masaka, kisha Bukakata, mvuke kwa kivuko kikubwa hadi Luku kwenye kisiwa cha Bugala. Hiyo ndiyo njia fupi na salama kwa anayetoka magharibi. Wanaoanzia Entebbe wana meli ya MV Kalangala kutoka Nakiwogo. Fanyeni Bugala kuwa makao, labda ghuba ya Lutoboka, na mkodi boti kwa safari za mchana kwenda Bukasa, Banda au Bubeke, badala ya kuhamahama kila siku na mizigo. Ondokeni jua likiwa limepanda na anga ya mashariki ni safi, mfike kabla ya alasiri kuchelewa. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusini mashariki ni mkali, wekeni siku mbili za akiba. Kabla ya kulipa hata amana, mwoneni mwenye boti ana kwa ana: Sheria ya Usafiri wa Maji ya Ndani ya mwaka 2021 inataka chombo kisajiliwe na kiwe na vifaa vya kuokolea, kwa hiyo ombeni kuona karatasi na mhesabu majaketi kwa mikono yenu, pamoja na ya watoto. Lile lililochanika, au ambalo mkanda wake umefungwa fundo kwa kukosa kifungo, msilihesabu. Mkishindwa bei, punguzeni siku, msipunguze majaketi. Livaliwe gatini na livuliwe gatini. Lililokaliwa kama mto halivaliki tena majini. Pombe ingoje nchi kavu. Boti ikipinduka, shikeni boti, kwa kuwa ya mbao huendelea kuelea na huonekana na waokoaji kuliko kichwa kimoja kinachoogelea kuelekea ufukoni. Hapo, na hapo tu, jerikani ikipita karibu nawe ikamate.

Wa Nakivale, bebeni vitambulisho vyenu vya ukimbizi vikiwa ndani ya mfuko usiopenya maji, na mwacheni nyumbani mtu mwenye orodha ya majina na saa ya kurudi. Visiwa vya kusini mwa Kalangala vinapakana na maji ya Tanzania. Mwambieni nahodha mapema kwamba hamtavuka, hata samaki wakiwa upande ule, kwa kuwa mkimbizi asiye na hati ya kusafiria akikamatwa ng'ambo ana kesi ambayo kikundi kizima hakitaweza kumsaidia.