Jaribio la Mpemba: Pesa Iende Wapi?

Aristotle aliandika katika Meteorologica kwamba maji yaliyotangulia kupashwa moto huwahi kupoa. Ushahidi wake ulikuwa wavuvi wa Ponto, ambao walimwagia maji ya moto matete yao ya kuvulia ili barafu iyashike upesi. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, kijana wa kidato cha tatu huko Magamba, Lushoto, aliingiza maziwa ya aiskrimu kwenye friji yakiwa bado ya moto kwa kuogopa kukosa nafasi. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambaye hakuchemsha. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa, ingawa wauza aiskrimu wa Tanga mjini walikuwa wakifanya hivyohivyo kila siku.

Shule nyingi zingependa kulirudia jaribio hili, lakini kamati ikikaa, neno la kwanza ni friza. Msinunue. Friza ya wati 150 ikiunguruma saa nne mfululizo inakula uniti 0.6, hata uniti moja ikiwa shilingi 350, hiyo ni kama shilingi 210. Mwombeni mwenye duka jirani rafu moja na mumlipe umeme wake, na bado atabaki na chenji. Tatizo lake ni wateja: mlango ukifunguliwa kila mara kutolewa lambalamba, vipimo vyenu havina maana. Nendeni akishafunga duka.

Njia ya pili ni beseni la barafu na chumvi ya mawe, kilo tatu kwa moja. Mchanganyiko huo hushuka nyuzi nyingi chini ya sifuri, na shule isiyo na umeme inauweza. Ila hapa pana mtego. Mpemba na Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo cha Dar es Salaam wakati huo kikiwa bado chuo kishiriki, walichapisha matokeo yao mwaka 1969. Waliweka sentimita za ujazo 70 za maji katika kila bika, juu ya kipande cha povu jeupe, lile linalokuja na televisheni ndani ya boksi. Kwa hiyo joto lilitokea zaidi juu ya maji. Beseni hupoza kikombe ubavuni na chini. Kwa gharama ndogo mtakuwa mmefanya jaribio jingine kabisa.

Povu lenyewe ni la bure, na lina kazi ya pili. Bila hilo, chombo cha moto kinayeyusha theluji ya friza na kukaa juu ya chuma kitupu, wakati cha baridi kimebaki juu ya theluji inayozuia joto lisipite. Hapo maji ya moto yatashinda, lakini mtakuwa mmepima theluji.

Pesa kidogo mliyonayo iende kwenye vipimajoto. Vya kioo ni rahisi, lakini kila kusoma ni kufungua mlango. Vya dijitali vyenye waya vina bei zaidi, na namba unaisoma ukiwa nje. Nunueni viwili vya aina moja, kisha vitumbukizeni vyote katika barafu inayoyeyuka: kisichosoma karibu na sifuri kirudi dukani. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walionyesha kwamba tofauti ya sentimita moja tu katika kina cha kipimajoto inaweza kuzaa matokeo ya uongo. Rula, basi, ni kifaa cha lazima hapa.

Kubalianeni pia mapema maana ya kuganda. Mpemba na Osborne walihesabu hadi barafu ianze, na maji yaliyochelewa kuliko yote yalikuwa ya nyuzi 25. Ya nyuzi 90 yaliwahi sana. Burridge na Linden walihesabu hadi nyuzi sifuri, na hawakuona maji ya moto yakitangulia.

Kwa mwenye friza ya biashara, hesabu ni nyingine. Kugandisha lita moja ya maji ya nyuzi 25 ni kuondoa kilojuli 439 hivi za joto. Ya nyuzi 90, karibu 711. Hata yakiwahi kuganda, joto hilo la ziada linatolewa kwa uniti zako. Kama hakuna mteja anayesubiri, yaache yapoe mezani kwanza.