Zikri, Tambiko na Mizizi Yake

Katika vilima vya Ukaguru, upande wa kaskazini wa Kilosa, ukoo wenye ardhi ulikuwa na kazi moja kabla ya mvua: kufyeka majani kwenye makaburi ya wazee wake, kumimina pombe na kuwaita kwa majina, ili mashamba yazae. Wageni waliohamia hapo walikula matunda ya tambiko hilo, lakini kuliongoza hawakuweza. Haki hiyo ilirithiwa kwa damu, na kwa Wakaguru damu hiyo hufuata upande wa mama.

Reli ya Kati na mashamba ya mkonge ya Kimamba vilileta Kilosa watu wa makabila mengi ambao makaburi ya babu zao yalibaki mbali. Tambiko la kwao halikuweza kupanda garimoshi pamoja nao. Twarika, yaani njia ya Kisufi, iliweza. Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kama Sheikh Ramiya, aliletwa Bagamoyo kutoka Manyema akiwa mtumwa, akaja kuwa khalifa mkubwa wa twarika ya Qadiriyya hadi alipofariki mwaka 1931. Kwenye tambiko la ukoo wa watu wengine asingepewa nafasi hiyo. Kwenye zikri, ibada ya twarika ya kumtaja Mungu, alipewa, kwa kuwa silsila, yaani mnyororo wa mapokezi, hupita kutoka kwa sheikh kwenda kwa mwanafunzi wake.

Je, zikri na tambiko ni kitu kimoja? Mwandishi Aldous Huxley aliandika mwaka 1945 kwamba njia zote za siri za kiroho zina kiini kimoja. Mwaka 1978 mwanazuoni Steven Katz aliupinga mtazamo huo: mtu huonja kile ambacho mafundisho yake yamemwandaa kukionja. Ukitazama kwa mbali, Huxley yuko sahihi. Zikri na tambiko zote mbili hukumbuka kwa kutaja majina, zote hutaka idhini ya aliyetangulia, na zote hudai mtu aje akiwa safi. Lakini uliza jina linalotajwa ni la nani, na nini kinaombwa. Mwanazikri anamtaja Mungu Mmoja ili nafsi yake inyenyekee mbele Yake. Mwenye tambiko anawataja wazee ili ardhi hii, si nyingine, ipate mvua. Hapo mimi nasimama na Katz.

Anayesema yote ni mamoja huona anawaheshimu wote, kumbe anamnyang'anya kila mmoja kile anachokithamini zaidi. Ndugu msomaji, ukialikwa kwenye zikri au ukikutana na mzee wa ukoo huko Kilosa au Mikumi, muulize anamwita nani na kwa nini, kisha msikilize mpaka amalize.