BANDARI IKIHAMA, PANABAKI PA NANI?



Ukija Dar es Salaam kwa basi kutoka mikoani, unateremka hapa kwetu Mbezi Luis. Stendi hii ilifunguliwa mwaka 2021. Kabla ya hapo mabasi yalikuwa yanaishia Ubungo. Leo pale Ubungo pamejengwa kituo kikubwa cha biashara.

Kazi ikihama, mahali pake panabaki. Je, pafanywe nini? Leo tunaeleza habari ya bandari ya zamani ya Unguja, mahali panapoitwa Forodhani.

Forodha ni nini?

Forodha ni mahali pa kukagua mizigo ya vyombo vya baharini na kuitoza ushuru. Miaka ya 1800 forodha ya Sultani wa Zanzibar ilikuwa pale ufukweni, mbele ya Ngome Kongwe. Pembe za ndovu na karafuu zilipita hapo. Hata watumwa walitozwa ushuru hapo, kama vile ni bidhaa.

Miaka ya 1920 bandari mpya ilijengwa Malindi, jirani tu. Forodha ya zamani ikakosa kazi. Miaka ya 1930 mahali pale pakafanywa bustani ya kupumzikia.

Bustani nayo huchakaa

Miaka ilipita, bustani ikachakaa. Mawimbi yalikula ukuta wa bahari. Basi, mwaka 2008 Serikali ya Zanzibar na shirika la Aga Khan walianza kuitengeneza. Ukuta ulikarabatiwa, maana ukuta ukibomoka, bahari inakula udongo wa bustani. Mifereji ya maji machafu ilijengwa upya. Taa ziliwekwa, miti ikapandwa, na wauza vyakula wakapangiwa sehemu yao. Bustani ikafunguliwa tena mwaka 2009.

Ukienda pale jioni utakuta mishikaki, urojo na juisi ya miwa. Vijana wanapiga mbizi kutoka ukutani. Asiye na pesa anakaa, anapunga upepo, haulizwi kitu. Mahali palipokuwa pa kutoza watu, sasa watu wanakaa bure.

Tusichelewe

Mbele ya bustani hiyo kuna jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati linakarabatiwa, sehemu yake ilianguka. Watu wawili walikufa. Hivyo tujue kwamba jengo la zamani linaweza kuwa hatari. Maji yakiingia ukutani, chokaa hulegea kidogo kidogo, na kwa nje usione kitu. Kwa hiyo fundi mwenye ujuzi akague kwanza, ndipo watu waingie.

Huenda kijijini kwenu kuna ghala la zamani la pamba au korosho. Popo wamelala ndani, majani yameota juu. Msingoje lianguke. Wala asije mtu mmoja akalichukua kimyakimya. Liwekeni kwenye mkutano wa kijiji.

Maswali ya kujadiliana

1. Jengo hilo ni mali ya nani kwa maandishi?
2. Nani atakagua kuta na paa?
3. Wanaojipatia riziki hapo watapewa nafasi gani?
4. Likishatengenezwa, nani atafagia, na pesa za matengenezo zitatoka wapi?

Swali la nne ndilo gumu. Kufungua ni siku moja. Kutunza ni kila siku.