Njiwa wa Daktari Albright

Nilikuwa nasaka sababu ya vikongwe wengi wenye kibiongo kuwa wanawake, nikaangukia habari ya njiwa. Tangu siku hiyo haijanitoka akilini.

Njiwa jike akikaribia kutaga, uvungu wa mifupa yake, pale penye uboho, huanza kujaa mfupa mpya, mwepesi kama sifongo. Ni akiba. Yai likifika mahali pa kuvishwa ganda, mwili huichota kalsiamu humo. Kuku naye ni hivyo hivyo. Na kwa kuwa ganda hujengwa zaidi usiku, kuku akiwa amelala bandani wala hadonoi kitu, sehemu ya ganda la yai ulilovunja leo asubuhi ilikuwa mfupani mwake jana. Jambo hili Preston Kyes na Truman Potter waliliandika mwaka 1934. Baadaye watafiti wakawadunga njiwa madume estrojeni, homoni ya kike. Madume hao, ambao hawajui kutaga, nao wakajaza mifupa yao! Kumbe kinachoamuru si yai.

Njiwa hao walimkaa moyoni Fuller Albright, daktari wa homoni katika Massachusetts General Hospital, Boston. Mwaka 1941 yeye na wenzake walitoa hesabu yao: kati ya wagonjwa 42 wa chini ya miaka 65 ambao mifupa yao ilikonda bila sababu iliyojulikana, 40 walikuwa wanawake waliokwisha koma hedhi. Wengine wangesema ni uzee tu, wakafunga faili. Albright alikuwa mtu wa mizani. Katika wodi yake chakula cha mgonjwa kilipimwa kabla hakijaliwa, kisha mkojo na choo vikakusanywa na kupimwa navyo, ijulikane kalsiamu iliyoingia ni kiasi gani na iliyotoka ni kiasi gani. Wanawake hao walikuwa wakipoteza. Walipopewa estrojeni, upotevu ukapungua.

Maelezo yake yalikuwa kwamba estrojeni huwahimiza waashi wa mfupa, na ikiondoka, wanalegea. Leo tunajua kazi yake kubwa ni kuwazuia wabomoaji. Mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote. Estrojeni ikiondoka, chembe zinazobomoa huongezeka na kuishi muda mrefu zaidi, na waashi hawazifikii. Pingili za uti wa mgongo huumia mapema, ndipo kibiongo kinapotokea. Njia aliikosea, mhusika alimpata. Na haya yote aliyafanya akiwa na ugonjwa wa Parkinson. Mwaka 1956 alipasuliwa ubongo, upasuaji ukaenda kombo na kumnyamazisha hadi kifo chake, 1969.

Wanaume wasijione wamesalimika. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walieleza habari za kijana wa miaka 28, urefu sentimita 204, ambaye homoni za kiume alikuwa nazo za kutosha ila mwili wake haukuitikia estrojeni. Mifupa yake ilikuwa imekonda, na bado alikuwa akirefuka.

Kuhusu tiba, utafiti mkubwa wa Marekani uliositishwa 2002 ulionyesha vidonge vya homoni vinapunguza kuvunjika nyonga, lakini vinaongeza saratani ya matiti na kiharusi. Wengi wakaviogopa.

Lililobaki linatugusa sisi. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, iliyozoeleka sana kliniki zetu, hushusha estrojeni. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru iwekewe onyo kali kuhusu mifupa. Shirika la Afya Duniani halikuwawekea mpaka wanawake wa miaka 18 hadi 45, na mifupa mingi hurudisha uzito sindano ikiachwa. Sawa. Lakini yule aliyeianza akiwa na miaka 16, mifupa yake ikiwa bado inajaza akiba? Na yule anayeiacha akiwa na 48, akapokewa na ukomo wa hedhi mlangoni, hiyo mifupa itarudisha uzito lini? Mashine za kuipima ni chache, tena ziko hospitali kubwa za mijini. Anayedunga sindano huwaambia nini?