Wastani wa Mwaka Mmoja: Umri wa Kufika Hospitalini kwa Watoto Wenye Mpasuko wa Kaakaa Pekee Jijini Mwanza

Makala haya yanajadili takwimu moja iliyomo katika utafiti wa Manyama na wenzake (2011) kuhusu mipasuko ya mdomo na kaakaa katika Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza. Watafiti hao walipitia kumbukumbu za miaka mitano wakapata wagonjwa 240. Mpasuko wa mdomo pekee ndio uliokuwa mwingi zaidi, ukifuatiwa kwa karibu na mpasuko wa mdomo pamoja na kaakaa. Wagonjwa wenye mpasuko wa kaakaa pekee waliripotiwa kuwa walifika mapema sana, wakiwa na umri wa wastani wa mwaka 1.00, kosa sanifu likiwa 0.56. Kwa msomaji wa haraka hiyo ni habari njema. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba wastani huo unawaeleza waliofika tu, na kwamba katika aina hii ya mpasuko kufika na kuishi haviwezi kutenganishwa.

Mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka hutambuliwa mara moja, na hali yake ina jina linalojulikana na kila mtu: mdomo sungura. Mpasuko wa kaakaa hauna jina la namna hiyo, kwa sababu hakuna anayeuona. Mwenye mpasuko wa mdomo pekee mara nyingi huweza kunyonya, hukua, na anaweza kuletwa kwa upasuaji akiwa na miezi mitatu au miaka thelathini. Mwenye mpasuko wa kaakaa hawezi kujenga mvuto wa kunyonya. Maziwa hutokea puani, mtoto huchoka kabla ya kushiba, uzito hushuka. Huyu hana miaka ya kusubiri. Ama ataletwa mapema, ama atafariki kwa kile ambacho familia itakiita homa, kifua au kukosa nguvu, na hatakuwa na faili. Kwa hiyo umri mdogo wa kufika unaweza kuwa dalili ya rufaa nzuri, na vilevile unaweza kuwa dalili ya vifo. Mafaili ya hospitali hayana uwezo wa kutenganisha mambo hayo mawili.

Njia ya hewa inaongeza uzito wa shaka hii. Baadhi ya watoto wenye mpasuko wa kaakaa huzaliwa na taya dogo la chini, na ulimi wao huangukia nyuma na kuziba koo, hali iliyopewa jina la daktari Mfaransa Pierre Robin aliyeieleza mwaka 1923. Wengine hupona kwa kulazwa kifudifudi chini ya uangalizi. Wengine huhitaji mrija wa kupitia puani, na wachache hutobolewa koromeo ili wapumue. Asipotambuliwa, mtoto wa namna hii yumo hatarini tangu siku ya kwanza. Katika wagonjwa wa Bugando, kasoro nyingine za kuzaliwa zilionekana kwa asilimia 2.8 tu, ilhali tafiti nyingi za Ulaya huripoti viwango vikubwa zaidi ya hicho. Tofauti hiyo inaweza kutokana na uchunguzi usio kamili, lakini mtafiti anaona kuwa maelezo ya vifo hayawezi kuwekwa kando.

Kosa sanifu lenyewe linatosha kumtahadharisha msomaji. Kwa 0.56, upeo wa uhakika wa asilimia 95 unaanzia kuzaliwa hadi zaidi kidogo ya miaka miwili. Hiyo ni alama ya kundi dogo au lililotawanyika sana, na haifai kuwa msingi wa sera.

Hata tukiukubali mwaka mmoja kama ulivyo, je, ni mapema? Gamble na wenzake (2023) waliwagawa kwa bahati nasibu watoto 558 wenye mpasuko wa kaakaa pekee, katika vituo vya Ulaya na Brazili, wafanyiwe upasuaji wakiwa na miezi 6 au miezi 12. Walipofikia miaka 5, kaakaa laini lilishindwa kuziba njia ya pua wakati wa kuzungumza kwa asilimia 8.9 ya kundi la kwanza na asilimia 15.0 ya kundi la pili. (Mwanafunzi wa fonolojia atalielewa tatizo hili bila msaada wa daktari: hewa ikivujia puani, kipasuo [b] hugeuka nazali, na mtoto anayemwita baba husikika akimwita mama.) Hivyo mtoto anayehesabiwa Mwanza kuwa amefika mapema sana huwa tayari amefikia umri wa kundi la kuchelewa, na hapo bado hajapangiwa siku ya upasuaji.

Jibu halipatikani Bugando, bali kule watoto wanakozaliwa. Kituo cha Afya Buzuruga, wilayani Ilemela, kinafaa kwa kazi hiyo kwa sababu kipo ndani ya jiji. Mama wa Buzuruga hahitaji kivuko kama mama wa Ukerewe, kwa hiyo mtoto wake akichelewa umbali hauwezi kulaumiwa. Kinachohitajika ni tochi na kijiti cha kukandamizia ulimi, ili kaakaa lionekane lote hadi kwenye kimio. Kidole peke yake hupita juu ya mpasuko wa kaakaa laini bila kuugundua. Matokeo yaandikwe kwenye rejesta ya uzazi, na kila mtoto afuatiliwe hadi mwaka mmoja, awe hai au amefariki.

Kwa waliofariki, mama ndiye shahidi pekee, na hapa maneno ya dodoso yana uzito. Swali "Je, mtoto alikuwa na mpasuko wa kaakaa?" litajibiwa "hapana" na mama asiyewahi kuambiwa kuwa kuna kitu cha namna hiyo. Mtafiti anapendekeza aulizwe alichokiona: mtoto alikuwa akinyonya kwa muda gani, maziwa yalikuwa yakitokea puani, alikoroma akilazwa chali? Swali la uzito liwekwe mwisho, kwani kwa mama aliyefiwa ndilo linalokaribia zaidi kusikika kama shtaka.