Kamshafti na Pumzi ya Injini: Kwa Nini Kubwa Si Bora Daima

Kati ya mwaka 1964 na miaka ya mwanzo ya 1970, viwanda vya Marekani viliunda magari ya namna ya pekee. Yalikuwa magari ya ukubwa wa wastani, lakini yalitiwa injini kubwa mno zenye silinda nane zilizopangwa kwa umbo la herufi V. Wamarekani waliyaita "magari ya misuli". Pontiac GTO ya mwaka 1964, ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza katika kundi hilo, ilikuwa na injini ya inchi za ujazo 389, yaani lita 6.4 hivi. Magari hayo sasa ni ya kale, lakini bado kuna watu wanaoyatunza na kuyaendesha katika barabara za kawaida.

Mwenye gari la namna hii anapotaka kuiongezea injini yake nguvu, mara nyingi jambo la kwanza analolifikiria ni kubadili kamshafti. Hununua kamshafti inayofanana na zile za magari ya mashindano, huifunga kwa gharama kubwa, kisha hushangaa kuona kuwa gari lake limekuwa zito kuondoka, linakula petroli kuliko zamani, na linazimika kila linaposimama kwenye taa za barabarani. Je, kosa lake ni nini? Katika makala hii tutajaribu kulijibu swali hilo. Jibu lenyewe halihitaji elimu zaidi ya fizikia na hisabati za shule ya sekondari.

Kazi ya kamshafti

Injini ya petroli ya mapigo manne hufanya kazi nne kwa zamu: kuvuta hewa iliyochanganyika na petroli, kuigandamiza, kuichoma, na kuutoa moshi. Kazi hizo nne hukamilika katika mizunguko miwili ya krankishafti. Milango ya silinda ni vali: ya kuingizia na ya kutolea. Kamshafti ni mhimili wenye nundu, na kila nundu husukuma vali yake ifunguke kwa wakati wake. Kwa kuwa kila vali hufunguka mara moja tu katika mizunguko miwili ya krankishafti, kamshafti huzunguka kwa nusu ya kasi ya krankishafti.

Katika injini nyingi za magari ya misuli kamshafti moja imelala katikati ya V. Nundu huinua tapeti, tapeti husukuma fimbo, na fimbo huinamisha mkono mdogo unaoifungua vali. Umbo la nundu ndilo linaloamua mambo matatu: vali ifunguke lini, ifunguke kwa kimo gani, na ikae wazi kwa muda gani. Muda huo hupimwa kwa nyuzi za mzunguko wa krankishafti, wala si kwa sekunde. Jambo hili msomaji alishike vizuri, kwa maana ndilo chanzo cha mambo yote yatakayofuata.

Hewa nayo ina uzito

Mwanafunzi atafikiri kwamba vali ya kuingizia inapaswa kufungwa pale pistoni inapofika kikomo cha chini. Lakini hewa ina uzito, na kila chenye uzito kina inersia. Injini inapozunguka kwa kasi, hewa iliyokwisha kuanza kukimbia ndani ya bomba la kuingizia huendelea kujisukuma katika silinda hata baada ya pistoni kuanza kupanda. Kwa hiyo vali huachwa wazi kwa muda zaidi ili mzigo huo wa hewa upate kuingia.

Hebu tulinganishe kamshafti mbili. Ya kwanza, ambayo tutaiita ndogo, huiacha vali ya kuingizia wazi kwa nyuzi 260, na vali hiyo hufungwa nyuzi 60 baada ya kikomo cha chini. Ya pili, tutakayoiita kubwa, huiacha wazi kwa nyuzi 300 na kuifunga nyuzi 80 baada ya kikomo cha chini. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua sekunde 0.010, na nyuzi 80 hupita katika sekunde 0.0022. Kwa muda mfupi hivyo hewa haiwahi kugeuka na kurudi, na silinda hujaa vizuri. Lakini injini hiyo hiyo ikizunguka mara 800 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua sekunde 0.075, na nyuzi 80 huwa sekunde 0.0167. Hapo hewa inakwenda polepole, inersia yake ni ndogo, na pistoni inayopanda huirudisha nje kwa njia ile ile iliyoingilia.

Basi ni dhahiri kwamba kamshafti haiumbi nguvu. Huihamisha kutoka kasi moja kwenda kasi nyingine. Nyuzi zile zile zinazoipa injini pumzi kwenye kasi kubwa ndizo zinazoinyima pumzi kwenye kasi ndogo.

Hesabu ya mgandamizo

Uwiano wa mgandamizo unaoandikwa katika vitabu vya magari huhesabiwa kana kwamba mgandamizo huanza pistoni ikiwa chini kabisa. Kwa kweli mgandamizo hauwezi kuanza mpaka vali ya kuingizia ifungwe. Tuchukue injini ya Chevrolet ya inchi za ujazo 350, iliyoanza kutumiwa katika magari ya Camaro ya mwaka 1967. Pigo lake ni milimita 88.4, kwa hiyo nusu ya pigo, r, ni milimita 44.2. Urefu wa konrodi yake, l, ni milimita 144.8. Umbali wa pistoni kutoka kikomo cha juu ni

x = r(1 − cos θ) + l − √(l² − r² sin² θ)

ambapo θ ni pembe ya krankishafti kutoka kikomo cha juu. Vali inayofungwa nyuzi 60 baada ya kikomo cha chini hufungwa θ ikiwa nyuzi 120. Tukikokotoa, x ni milimita 71.4, yaani asilimia 81 ya pigo zima imebaki kwa kugandamiza. Kwa kamshafti kubwa θ ni nyuzi 100, na x ni milimita 58.6 tu, yaani asilimia 66.

Sasa tazama matokeo yake. Katika toleo la mwaka 1970 la injini hii, lile lililouzwa kwa jina la nguvu za farasi 300, uwiano wa mgandamizo ulikuwa 10.25 kwa 1. Mwaka 1971 kampuni ya General Motors ilipunguza mgandamizo wa injini zake ili ziweze kutumia petroli ya okteni ndogo, na uwiano wa toleo lililofuata ukawa 8.5 kwa 1. Tukiifunga kamshafti kubwa katika injini ya mwaka 1970, mgandamizo halisi ni 9.25 × 0.66 + 1, yaani 7.1 hivi. Tukiifunga kamshafti hiyo hiyo katika injini ya mwaka 1971, tunapata 7.5 × 0.66 + 1, ambayo ni 6.0 hivi. Injini hii ya pili imedhoofika kabla hata haijawashwa. Lakini ikipewa kamshafti ndogo itarudi kwenye 7.1. Injini mbili zinazofanana kwa sura na kwa ukubwa zinahitaji kamshafti tofauti, na anayechagua bila kujua uwiano wa mgandamizo wa injini yake anabahatisha.

Milango miwili ikiwa wazi, na suala la breki

Kuna kipindi, karibu na kikomo cha juu, ambapo vali ya kutolea haijafungwa na ya kuingizia imekwisha kufunguka. Katika kamshafti yetu ndogo kipindi hicho ni nyuzi 40, na katika ile kubwa ni nyuzi 80. Kwenye kasi kubwa jambo hili lina faida, kwa kuwa moshi unaotoka mbio huivuta hewa mpya nyuma yake. Injini inapozunguka polepole mambo hugeuka. Katika bomba la kuingizia kuna ombwe, na moshi hurudi ndani kulifuata. Moshi huo huchanganyika na hewa safi, na uchomaji huwa wa kukosakosa. Mtikisiko na ngurumo ya kusitasita vinavyotokea ndivyo wapenzi wa magari haya wanavyovifurahia. Kwa mwanafizikia, hiyo ni sauti ya injini inayovuta moshi wake yenyewe.

Hasara yake haiishii kwenye petroli. Magari haya mengi yana busta ya breki, yaani chombo chenye kiwambo kinachosukumwa na hewa ya nje upande mmoja, huku upande wa pili ukiwa na ombwe la injini. Tuseme kiwambo kina kipenyo cha sentimita 24, hivyo eneo lake ni mita za mraba 0.045. Injini yenye kamshafti ndogo huweza kutoa tofauti ya kanieneo ya kilopaskali 60 gari likiwa limesimama, na busta huongeza kani ya nyutoni 2,700 hivi. Kamshafti kubwa huweza kuishusha tofauti hiyo hadi kilopaskali 33, na kani hubaki nyutoni 1,500. Dereva anayepenya polepole penye watu wengi, akikanyaga breki mara kwa mara, atajikuta pedali imekuwa ngumu wakati ambapo anaihitaji zaidi. Kwa hiyo uchaguzi wa kamshafti ni suala la usalama pia, wala si la mwendo peke yake.

Namna ya kuchagua

Swali la kwanza ni hili: injini itaishi kwenye kasi gani? Jibu linapatikana kwa hesabu. Gurudumu lenye mzingo wa mita 2.1, gari likienda kilomita 100 kwa saa, huzunguka mara 794 kwa dakika. Ikiwa gia ya juu ni ya moja kwa moja na difu ina uwiano wa 3.08, injini huzunguka mara 2,440 hivi. Difu ya 4.11 huifanya izunguke mara 3,260 hivi. Gari la barabarani lenye difu ya kwanza halifiki mara kwa mara ile kasi ambayo kamshafti kubwa huanza kuzaa matunda.

Pili, angalia ukubwa wa injini. Kamshafti inayoonekana kali katika injini ya lita 5 huwa pole katika injini ya lita 7.4, kwa sababu silinda kubwa ina hewa nyingi zaidi ya kuvuta.

Tatu, angalia giaboksi. Giaboksi ya otomatiki huendelea kuivuta injini hata gari likiwa limesimama katika gia, na injini yenye pumzi ya kukatika huzimika kwa urahisi.

Nne, linganisha vipimo kwa haki. Watengenezaji hawaanzi wote kuhesabu nyuzi penye kimo kimoja cha tapeti, hivyo ni busara kulinganisha nyuzi zilizopimwa tapeti ikiwa imeinuka milimita 1.27. Kwa kipimo hicho, injini ya inchi 350 yenye mgandamizo wa wastani na inayotembea barabarani huridhika na nyuzi 210 hadi 220 hivi, ambapo za mashindano hupita 250.

Tano, kumbuka oili. Tapeti za zamani zenye uso bapa husuguana na nundu kwa kani kubwa, na huhitaji oili yenye viungo vya zinki na fosforasi. Viungo hivyo vimepunguzwa katika oili nyingi za magari ya kisasa ili kulinda vifaa vya kusafishia moshi. Nundu mpya zaweza kulika katika dakika za kwanza ikiwa jambo hili litapuuzwa.

Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka. Kamshafti humtaka mwenye gari aseme kweli juu ya safari zake. Akichagua kwa ajili ya mbio anazoziota, atalipa kila siku katika safari anazokwenda.

Zoezi kwa wanafunzi: Injini iliyoelezwa hapo juu imefungwa kamshafti inayofunga vali ya kuingizia nyuzi 70 baada ya kikomo cha chini. Kokotoa x, kisha tafuta uwiano wa mgandamizo utakaohitajika ili mgandamizo halisi uwe 7.1.